Shajara ya mradi: Kuihamisha foleni ili simu ya daktari isikatike

Mimi ni fundi wa mtandao, peke yangu, katika hospitali ya misheni iliyoko Nyanda za Juu Kusini. Tuna wodi sita, chumba kimoja cha eksirei, na chuo cha uuguzi ndani ya uzio uleule. Wote tunategemea laini moja ya intaneti inayoletwa na antena juu ya mnara: megabiti 10 kwa sekunde kupakua na 5 kupakia, kwa mujibu wa mkataba. Ninaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na makosa, ili fundi wa mahali pengine mwenye shida kama hii asianze pale nilipoanzia mimi.

Jumatatu, 5 Februari 2024

Saa nne asubuhi Sista wa zamu wodi ya wazazi alinifuata hadi chumba cha seva. Hakupiga simu, alikuja kwa miguu.

"Fundi, njoo usikie mwenyewe. Daktari wa rufaa yuko hewani na sisi hatumwelewi."

Nilikwenda. Mama alikuwa na shinikizo la damu la kupanda, na daktari bingwa wa hospitali ya rufaa alikuwa anataja dozi kwa simu ya mtandao. Neno moja linafika, mawili yanamezwa, kisha manne yanakuja yamebanana. Sista alimwomba arudie mara tatu, mwishowe akampigia kwa simu yake ya mkononi, kwa salio lake. Dozi si jambo la kubahatisha. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimeshaamua kwamba hili ndilo litakuwa mradi wangu wa nusu ya kwanza ya mwaka.

Kipimo cha kwanza kilikuwa pingi ya kawaida, yaani pakiti ndogo (kipande cha data) inayotumwa na kupimwa itarudi baada ya muda gani, kwenda seva iliyoko Dar es Salaam. Laini ikiwa tulivu ilirudi kwa milisekunde 31. Chumba cha eksirei kilipoanza kutuma picha, ikapanda hadi 2,140. Hizo ni sekunde mbili na zaidi. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna pakiti hata moja iliyopotea. Zote zilifika, ila kwa kuchelewa.

Picha moja ya kifua kwenye mashine yetu ina megabaiti kama 15, yaani megabiti 120. Kasi halisi ya kupakia niliyoipima ni megabiti 4.6 kwa sekunde, kwa hiyo picha moja huchukua sekunde 26. Mgonjwa akipigwa mbili, ya mbele na ya ubavu, ni karibu dakika nzima ambayo simu yoyote inayotoka hospitalini inakuwa haina maana.

Ukizidisha sekunde 2.1 kwa megabiti 4.6 unapata karibu megabiti 9.7, ambazo ni kama megabaiti 1.2. Hiyo ndiyo mali iliyokuwa imejazana mahali fulani kati yetu na mnara, na mahali penyewe ni bufa ya kifaa cha mtoa huduma, yaani kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu ya kutumwa. Pakiti ndogo ya sauti inapofika pale inakuta lundo la picha limetangulia, nayo inasimama nyuma kama kila mtu.

Ijumaa, 9 Februari 2024

Niliwasiliana na mtoa huduma. Jibu lao lilikuwa tununue kifurushi cha mara mbili, kwa nyongeza ya shilingi 350,000 kila mwezi. Uongozi uliniita.

"Kijana, wenye laini wanasema laini ni ndogo. Wewe unasema tusinunue?" aliuliza Mganga Mfawidhi.

"Shikamoo, Daktari. Sisemi tusinunue kamwe. Nasema tusinunue kabla ya kujua foleni iko wapi."

Nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi. Tukiongeza kasi mara mbili na bufa ikabaki ileile ya megabaiti 1.2, lundo litapita kwa sekunde moja badala ya mbili. Pendekezo la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linaloitwa G.114 linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Sekunde moja bado ni mbali mno, nasi tutakuwa tumelipa.

Jambo hili lina jina na historia. Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele zaidi kuanzia mwishoni mwa 2010, akionyesha kwamba kumbukumbu ilipokuwa rahisi kununua, watengenezaji waliweka bufa kubwa kila mahali wakidhani wanazuia pakiti zisipotee. Mimi naliita uvimbe wa bufa. Itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta nyingi hutumia kutumiana data, kwa namna zake za kawaida, hujua njia imejaa pale pakiti inapopotea. Bufa kubwa huficha habari hiyo, kwa hiyo mtumaji anaendelea kumimina hadi ndoo ijae hadi ukingoni. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia iitwayo CoDel. Haihesabu urefu wa foleni, hutazama muda ambao pakiti imekaa humo. Kukaa kukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, inaanza kudondosha pakiti kidogo kidogo, na mtumaji anaelewa ujumbe.

Ugumu ni kwamba bufa yenye uvimbe si yangu. Imo ndani ya kifaa nisichoruhusiwa kukigusa. Nisipoweza kuitibu pale ilipo, basi niihamishe: rauta yangu itume polepole kidogo kuliko laini inavyoweza kumeza, ili bufa yao isijae kabisa, na foleni iundike kwangu ambako naweza kuipanga. Mradi mzima ni huo.

Daktari alinipa miezi minne.

Jumamosi, 17 Februari 2024

Nimenunua rauta ya MikroTik, aina ya hEX, shilingi 195,000, na betri ndogo ya kuishikilia umeme ukikatika, shilingi 85,000. Kufunga hakukuwa na jipya.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile ambalo mafundi wengi tunalijua: kila kifaa kipewe kikomo chake. Niliweka kilobiti 512 kwa kila anwani upande wa kupakia.

Limeshindwa, na nimeliondoa. Picha ya megabiti 120 kwa kilobiti 512 inachukua karibu dakika nne, hata saa nane za usiku ambapo laini nzima imelala bure. Mtaalamu wa eksirei alinipigia kuniuliza kama mashine imeharibika. Na mchana hali haikupona, maana vifaa kumi vikipakia pamoja kila kimoja ndani ya kikomo chake vinajaza laini ileile na bufa ileile. Nilikuwa nimewanyima watu kasi bila kuipa sauti chochote.

Jumamosi, 24 Februari 2024

Rauta ilikuja na RouterOS, programu endeshi ya MikroTik, ya toleo la 6, ambayo haina CAKE. Nimepandisha hadi toleo la 7. CAKE ni mpangaji wa foleni aliyeingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2018, toleo la 4.19. Ndani yake mna wazo la CoDel, mna mgao wa haki kati ya mtu na mtu, na mna madaraja ya huduma. Nililipenda hasa kwa huo mgao: mwanafunzi mmoja mwenye miunganisho hamsini hapati mara hamsini ya nesi mwenye mmoja.

Mipangilio yenyewe ni mifupi:

/queue type
add name=cake-panda kind=cake cake-diffserv=diffserv4 cake-flowmode=dual-srchost cake-nat=yes
add name=cake-shuka kind=cake cake-diffserv=diffserv4 cake-flowmode=dual-dsthost cake-nat=yes
/queue simple
add name=lango target=192.168.88.0/24 max-limit=4M/9M queue=cake-panda/cake-shuka

Usisahau cake-nat=yes. Bila hiyo, kila kinachotoka kinaonekana kimetoka kwenye anwani moja ya nje, na mgao wa haki kati ya watu unabaki jina tu.

Sasa makosa. La kwanza lilinichukua dakika ishirini. Mara ya kwanza niliandika target=ether1, mlango wa nje, nikaacha 4M/9M vilevile. RouterOS husoma namba hizo kwa kumtazama aliyetajwa kwenye target: ya kwanza ni kinachotoka kwake, ya pili ni kinachokwenda kwake. Ukitaja mlango wa nje, kinachotoka kwake ni upakuaji wetu. Kwa hiyo nilikuwa nimebana upakuaji kwa 4 na kuacha upakiaji na 9, ambayo ni kubwa kuliko laini yenyewe. Kutaja mtandao wa ndani, kama hapo juu, kunaondoa utata.

La pili lilikula saa tano. Niliporekebisha namba, pingi ilibaki palepale, sekunde mbili na ushee. Nikashusha kikomo hadi megabiti 3, kisha 2. Picha ya eksirei ikaendelea kupita kwa 4.6 kana kwamba sijaandika kitu. Kilichonipoteza ni kaunta ya foleni: ilikuwa inasogea. Ingekuwa sifuri ningejua mapema kwamba trafiki haipiti humo. Lakini ilikuwa inahesabu baiti chache chache, nami nikaamini foleni inafanya kazi na kosa liko kwenye CAKE. Nikabadilisha kila chaguo moja baada ya jingine, nikafuta, nikaandika upya.

Jioni, nikiwa nimechoka, nililinganisha kaunta ya foleni na ya mlango wa nje kwa dakika moja nzima. Mlango ulipitisha megabaiti 34 na foleni ikahesabu chini ya moja. Hapo ndipo nilipokumbuka FastTrack. Mipangilio ya kiwandani ina kanuni inayoruhusu muunganisho uliokwisha kukubaliwa upite njia ya mkato, na njia hiyo inaruka foleni hizi. Ni kazi yake, imewekwa kupunguzia rauta mzigo, na maelezo yake yanasema hivyo wazi. Ni mimi ambaye sikuyasoma. Pakiti chache bado hupita njia ndefu, ndiyo maana kaunta ilikuwa hai.

/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]

Baada ya hapo iliniponyoka tena kwa dakika kumi, kwa sababu miunganisho iliyokwisha kuingia njia ya mkato huendelea nayo hadi ife. Nimewasha rauta upya. Picha ikatumwa, pingi ikasoma 38, 41, 45, 39.

Nilikaa nikiangalia namba hizo kwa muda. Laini ni ileile na picha ni ileile. Shughuli za rauta bila FastTrack hazijafika asilimia 6, kwa kasi yetu hii ndogo.

Kikomo nilikitafuta kwa kupanda ngazi: upakiaji 4.0, 4.2, 4.4. Kwenye 4.4 pingi ilianza kupanda, dalili kwamba bufa ya mnara imeanza kujaa tena. Nimebaki na 4.2 na 9. Tumetoa sadaka kama sehemu moja ya kumi ya kasi, na hiyo ndiyo bei ya kuimiliki foleni.

Jumamosi, 9 Machi 2024

Wiki moja na ushee ya simu safi. Kisha nikaingiza mkono pasipouma.

Kila pakiti ya IP ina biti sita za kubeba alama ya daraja, DSCP, zilizowekwa rasmi mwaka 1998. Mapema zaidi, 1994, wahandisi walikuwa wamependekeza mpango mwingine ambamo kila mazungumzo yangeomba nafasi yake kwa kila rauta njiani, na kila rauta ingeitunza kumbukumbu hiyo. Kwa mtandao wa dunia nzima mzigo huo haukubebeka. Alama ni rahisi zaidi: pakiti inasema mimi ni wa daraja gani, na kila rauta inaamua yenyewe itafanya nini. Simu zetu za mezani hutia alama 46 kwenye sauti bila kuambiwa, na CAKE huiweka kwenye daraja la sauti.

Daktari mmoja aliniambia, kwa haki kabisa, "Kaka, eksirei ya mgonjwa wa ajali ni ya haraka kuliko simu ya stoo kuagiza glavu. Mbona simu ndiyo inatangulia?" Maneno hayo yaliniingia. Nikaandika kanuni ya kuzitia picha zote alama 46.

Siku tatu baadaye mtaalamu wa eksirei akasema picha zimekuwa polepole kuliko wakati wowote tangu nianze. Nilipima saa sita mchana, chuo kikiwa kinapakia kazi za wanafunzi: picha moja, dakika mbili na nusu. Na sauti imeanza tena mikwaruzo midogo.

Kwenye mpangilio wa madaraja manne, daraja la sauti linapewa kikomo cha robo ya laini. Ndani ya robo hiyo linatangulia wote. Likivuka, linapoteza utangulizi, na mgao wake dhidi ya daraja la kawaida unakuwa mdogo kuliko wa daraja la kawaida lenyewe. Ndivyo ilivyobidi iwe, la sivyo kila mtu angejitia alama 46 na kumeza laini. Sauti ya simu moja ya kawaida ni pakiti 50 kwa sekunde zenye baiti 200, yaani kilobiti 80. Tuna laini tatu za nje, jumla 240, na robo ya megabiti 4.2 ni zaidi ya megabiti moja. Zinaenea kwa raha. Picha inayotaka megabiti zote 4.2 haienei, na ilipovuka iliishusha na sauti iliyokuwa naye daraja moja.

Nilimweleza daktari hivi: picha inahitaji kufika yote, na ikichelewa nusu dakika bado ni picha ileile. Neno la simu likichelewa nusu sekunde haliokoleki. Uharaka wa mgonjwa ni mkubwa kwa vyote viwili, lakini pakiti zao zinateseka kwa namna tofauti. Nimeirudisha picha kwenye daraja la kawaida, ambako mgao wa haki kati ya watu unaipa fungu nono bila mimi kuingilia. Masasisho ya kompyuta na nakala rudufu za usiku nimeyashusha daraja la mwisho, alama 8. Picha sasa ni sekunde 30 hadi 45 mchana. Alikubali.

Pakiti za sauti zinazoingia kutoka nje zinafika zikiwa zimefutwa alama. Njiani kuna mitandao isiyoamini alama za mgeni, na siwezi kuwalaumu. Nimeandika kanuni inayozitambua kwa anwani ya seva ya simu na kuzitia 46 upya kabla hazijaingia foleni ya upakuaji.

Jumamosi, 23 Machi 2024

Wi-Fi ya wodi ya watoto. Kwa kebo simu ni safi, kwa simu ya mkononi bado inayumba. Hapa foleni ya langoni haina la kufanya, ugomvi uko hewani. Kifaa chetu cha Wi-Fi husoma biti tatu za juu za alama. 46 kwa mfumo wa mbili ni 101110, tatu za juu ni 101, yaani 5, na 5 kwenye Wi-Fi ni daraja la video. Sauti huanzia 6. Nimebadilisha ulinganisho huo kwenye kifaa.

Tofauti ilionekana kidogo tu. Kilichosaidia kweli ni kukihamisha kifaa kutoka ofisini hadi katikati ya korido, kwa kebo ya mita 40, shilingi 60,000, na kufunga zile kasi za chini kabisa za megabiti 1 na 2. Simu moja iliyokaa mbali mwisho wa jengo ilikuwa inaongea polepole na kuwashikilia wote hewani.

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Malalamiko mapya, ya jioni tu, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Nimepima siku tano mfululizo. Saa hizo kasi halisi ya kupakua inashuka hadi megabiti 6, wakati mwingine 5. Kikomo changu cha 9 hakimbani mtu tena, kwa hiyo foleni imerudi kule kwenye laini ya mtoa huduma, na pingi inafika 600.

Nilikuwa nimepanga kwa laini isiyobadilika, na yangu inabadilika. Ningeweza kuweka kikomo cha 5 siku nzima, lakini hiyo ni kuwanyang'anya watu wa asubuhi kwa ajili ya shida ya jioni.

Nimeandika skripti inayoamka kila dakika. Inapiga pingi kumi, inachukua wastani, na ukizidi wa kawaida kwa milisekunde 60 inapunguza vikomo kwa asilimia 10. Hali ikitulia dakika tano, inaviongeza kwa asilimia 5. Sakafu nimeiweka megabiti 1.5 kupakua na kilobiti 800 kupakia, dari 9 na 4.2. Shabaha ya pingi ni seva ya picha zetu, ambayo iko Ulaya, kwa sababu niliona ndiyo muhimu kuliko zote.

Jioni ya kwanza kikomo kilitelemka hadi 5.3 na kukaa hapo, pingi 60 kwenda Dar es Salaam. Nililala vizuri.

Jumatatu, 13 Mei 2024

Jana, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zimekatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania nzima imehisi.

Nilipofika asubuhi nilikuta hali mbaya kuliko nilivyotarajia, na sehemu ya ubaya huo niliusababisha mimi. Pingi kwenda Ulaya ilikuwa imepanda maradufu na nyingine hazirudi kabisa. Skripti iliona hivyo, ikapunguza asilimia 10, ikaona bado, ikapunguza tena. Kutoka 9 hadi 1.5 ni dakika kumi na saba tu. Ilifika sakafuni jana mchana na kukaa huko usiku kucha, ikingoja nafuu ambayo kikomo changu hakiwezi kuileta hata kikiwa sifuri.

Wakati huo laini yetu hadi Dar es Salaam ilikuwa nzima. Nilipima kwa mkono: megabiti 9 kamili, milisekunde 33. Trafiki ya ndani ya nchi inayobadilishwa pale TIX, kituo ambako mitandao ya Tanzania hukutana, haikuwa na haja ya kupita baharini. Mifumo yote ya ndani ilikuwa inapatikana, nami nimeinyonga kwa mikono yangu.

Hata sauti iliumia. Kwenye kilobiti 800, robo ni 200, na laini tatu za simu zinataka 240. Saa moja ya asubuhi zote tatu zilikuwa hewani kwa ajili ya rufaa moja, zikavuka robo, zikapoteza utangulizi. Sista yuleyule wa Februari alinitazama bila kusema neno.

Nimeizima skripti na kurudisha 4.2 na 9 kwa mkono. Simu zikapona papo hapo.

Jumamosi, 18 Mei 2024

Skripti imeandikwa upya. Kosa lilikuwa kupima njia ndefu huku nikiwa na mamlaka juu ya kipande kifupi tu cha njia hiyo. Kikomo changu kinaweza kupunguza foleni ya kati yangu na mtoa huduma. Hakiwezi kuunga waya chini ya bahari.

Sasa kuna shabaha mbili, zote ndani ya nchi, kwenye mitandao tofauti ya Dar es Salaam. Kikomo kinashuka pale zote mbili zinapopanda kwa pamoja. Ikipanda moja, tatizo ni la huyo mmoja na skripti inanyamaza. Nimeongeza sharti jingine ambalo lilipaswa kuwepo tangu mwanzo: kabla ya kupunguza, itazame kama laini imejaa angalau robo tatu ya kikomo cha wakati huo. Laini ikiwa tupu na pingi iko juu, foleni si yetu. Sakafu imepanda hadi megabiti 3 kupakua na 1.5 kupakia, ambapo robo ni kilobiti 375 na simu tatu zinaenea.

Nimeijaribu kwa kuitenga shabaha moja makusudi, ikanyamaza. Nimejaza laini saa mbili usiku, ikashuka hadi 5.4 na kurudi juu yenyewe kufikia saa tano.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Miezi minne imetimia. Matumizi: rauta 195,000, betri 85,000, kebo 60,000, na vifurushi vya simu vya kupimia nje ya laini yetu 30,000. Jumla shilingi 370,000, mara moja, dhidi ya nyongeza ya 350,000 kila mwezi. Jumamosi zangu sikuzihesabu.

Vipimo vya wiki hii, picha ikitumwa mchana: pingi kwenda Dar es Salaam kati ya 36 na 52. Jioni, kati ya 45 na 80.

Kilichobaki ni picha zenyewe. Zinakwenda hadi Ulaya kisha daktari wa rufaa anazivuta kurudi Dar es Salaam, na tangu Mei siwezi kulitazama hilo bila kuumia. Nimepeleka barua kwa uongozi kuomba seva ya picha iwekwe ndani ya nchi. Kikao ni tarehe 21, na Mganga Mfawidhi ameniambia nije na ile karatasi ya hesabu.